Kuona na Kujikinga kwa Pamoja: Miwani ya Kinga Yenye Lenzi za Kusomea kwa Kazi za Karakana

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza kwa nini miwani ya kusomea ya kawaida si kifaa cha kinga. Kuchagua namba ya lenzi inayolingana na umbali wa kazi yake. Kulinganisha njia nne za kupata miwani inayofaa kwa bei anayoimudu. Na kukagua alama za usalama kabla ya kulipa.

1. Tatizo lenyewe

Katika karakana za useremala za Keko, katika vibanda vya mafundi vyuma vya Gerezani, na katika gereji za kila mji wa nchi hii, wapo mafundi wengi waliovuka umri wa miaka arobaini. Mikono yao ina ujuzi wa miaka mingi, lakini macho yao hayaoni tena alama ndogo za rula kama zamani. Fundi wa namna hii huwa na miwani miwili: wa kinga, ambao hauna namba, na wa kusomea, ambao hauna kinga. Anapotaka kusoma kipimo huvua wa kwanza na kuvaa wa pili. Anaporudi kwenye mashine, mara nyingi husahau kubadilisha, au huona ni usumbufu kufanya hivyo kwa kazi ya nusu dakika.

Kipande cha chuma hakingoji nusu dakika iishe. Kwa hiyo kumhimiza fundi avae miwani ya kinga hakutoshi ikiwa miwani hiyo inamnyima uwezo wa kuiona kazi yake. Kinga inayomzuia mtu kuona itavuliwa tu, hata akionywa kila siku. Suluhisho ni miwani mmoja unaofanya kazi zote mbili, na habari njema ni kwamba miwani hiyo ipo na si lazima iwe ya bei kubwa.

2. Jicho linavyobadilika

Ndani ya jicho mna lenzi ya asili ambayo, mtu akiwa kijana, hubadilika umbo kwa wepesi ili aone mbali na karibu. Kadiri umri unavyosonga lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia takriban miaka arobaini, mtu hujikuta akiusogeza mbali waraka au simu ili aweze kusoma. Hali hii si ugonjwa, na humfikia karibu kila mtu aliyejaliwa kuishi umri huo.

Hasara yake kwa mfanyakazi wa mikono ni kubwa. Utafiti uliofanyika vijijini nchini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kipato cha watu waliopewa miwani ya kusomea kiliongezeka kwa takriban theluthi moja katika muda wa miezi minane. Kuona vizuri ni mtaji.

Hata hivyo, mtumiaji asiamini kwamba kila ukungu wa macho ni wa umri. Mtoto wa jicho, presha ya macho na madhara ya kisukari hujitokeza zaidi katika umri huohuo, na miwani ya kununua dukani bila kipimo haiyatambui. Ni vyema kupimwa macho na mtaalamu kabla ya kununua miwani ya kwanza. Anayepatwa ghafla na upotevu wa uoni, vimulimuli au maumivu makali ya jicho aende hospitali mara moja, wala asitafute namba kubwa zaidi dukani.

3. Kwa nini miwani ya kusomea ya kawaida si kinga

Miwani ya kusomea imetengenezwa kwa ajili ya kitabu. Lenzi yake yaweza kuwa ya kioo au ya plastiki isiyohimili pigo. Ikipigwa na kipande cha chuma huweza kuvunjika, na vipande vyake vikawa hatari mpya mbele ya jicho. Fremu yake haikuundwa kuishikilia lenzi isisukumwe ndani. Tena huwa midogo, haina kinga ya pembeni, na aghalabu huvaliwa chini puani, hivyo vumbi na cheche hupita juu yake bila kizuizi.

Miwani ya kinga hutofautiana nayo kwa mambo matatu. Kwanza, lenzi zake kwa kawaida ni za polikaboneti, plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo inapopigwa badala ya kupasuka. Pili, fremu na lenzi hujaribiwa kwa pigo. Tatu, umbo lake hukumbatia uso na kuziba nafasi za pembeni.

4. Kuchagua namba kwa kipimo cha kazi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Wengi hudhani kuwa namba kubwa ni miwani bora zaidi, kwa kuwa maandishi huonekana makubwa. Ukweli ni kwamba kila namba ina umbali wake. Kwa mtu anayeona mbali vizuri bila miwani, kanuni ni hii: gawanya 100 kwa namba ya lenzi, na jibu ni umbali wa juu kabisa, kwa sentimita, ambapo ataona kwa ukamilifu.

- Namba +1.00 huonyesha vizuri hadi sentimita 100.
- Namba +1.50 huonyesha vizuri hadi sentimita 67 hivi.
- Namba +2.00 huonyesha vizuri hadi sentimita 50.
- Namba +2.50 huonyesha vizuri hadi sentimita 40.
- Namba +3.00 huonyesha vizuri hadi sentimita 33 hivi.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye umri wa miaka 55 anayesoma gazeti kwa miwani ya +2.50. Kazi yake ni ya mashine ya kerezo, na macho yake huwa sentimita 60 kutoka kwenye chuma kinachozunguka. Akivaa +2.50 ataiona kazi yake kwa ukungu, na bila kufikiri ataanza kuinama. Atausogeza uso wake sentimita 20 zaidi kuelekea kwenye chuma kinachozunguka, pamoja na kola ya shati lake. Namba iliyozidi, basi, si suala la starehe tu, bali humvuta mtu kwenye hatari. Kwa fundi huyu +1.50 ndiyo ya kuanza kujaribu kwenye mashine, na miwani yake ya gazeti ibaki nyumbani.

Kupima umbali huu hakuna gharama. Simama mbele ya kazi yako kama unavyosimama siku zote, mashine ikiwa imezimwa. Mwombe mwenzako apime kwa futi kutoka kwenye kona ya jicho lako hadi mahali chombo kinapokata. Andika kipimo hicho na uende nacho dukani au kwa mtaalamu wa macho. Ikiwa una kazi mbili za umbali tofauti, chagua namba kwa kuzingatia ile ya mbali zaidi kati ya zile zinazofanyika kwenye mashine. Kazi ndogo ya mezani unaweza kuisogeza.

5. Njia nne za kupata miwani hiyo

*Njia ya kwanza: miwani ya kinga yenye kipande cha kusomea chini.* Lenzi yake haina namba sehemu ya juu, ila ina kipande chenye namba sehemu ya chini. Mvaaji huona mbali anapotazama mbele, na huona karibu anapoteremsha macho. Huuzwa tayari kwa namba za kawaida, na kwa mafundi wengi wa mezani ndiyo njia yenye uwiano mzuri wa bei na manufaa. Kasoro yake ni kwamba haimsaidii anayefanya kazi juu ya kichwa chake, kama fundi umeme wa dari au fundi magari aliyelala chini ya gari, kwa sababu kwake kazi iko juu na namba iko chini.

*Njia ya pili: miwani ya kinga yenye namba lenzi nzima.* Hii humfaa yule wa darini na wa chini ya gari, na pia anayekaa mahali pamoja akifanya kazi ndogondogo. Lakini vitu vya mbali huonekana kwa ukungu. Mvaaji asitembee nayo karakanani penye ngazi, mashimo au magari yanayosogea, wala asiendeshe chombo cha moto akiwa ameivaa.

*Njia ya tatu: lenzi za kubandika.* Hivi ni vipande laini vya plastiki vyenye namba, vinavyobandikwa kwa maji upande wa ndani wa miwani ya kinga ya kawaida. Huweza kukatwa kwa mkasi vikatoshea, na huhamishwa miwani inapochakaa. Ni njia nzuri kwa aliyekwishapewa miwani ya kinga kazini. Ibandike ndani tu, vipande viwili viwe kwenye kimo kimoja, kisha uviache vikauke kabla ya kuvaa. Jasho jingi na vumbi huweza kuvilegeza, na uoni wake si angavu kama wa lenzi iliyoundwa pamoja.

*Njia ya nne: miwani ya kinga ya kuvaa juu ya miwani mingine.* Huu ni miwani mpana unaofunika miwani ambayo mtu tayari anayo. Kwa mwenye miwani ya daktari, mara nyingi hii ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote. Hakikisha wa nje haugusi wa ndani, na kwamba mikono ya miwani yote miwili haikuumizi juu ya masikio. Kasoro zake ni uzito, mng'ao wa taa na ukungu wa pumzi.

Kuna wasiofaa kutegemea miwani ya kununua tayari: wale ambao macho yao mawili yanatofautiana namba, wasioona mbali vizuri, na wale ambao kioo cha jicho lao kimepinda isivyo sawa. Hao watumie njia ya nne, au waagize miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa vipimo vyao. Vivyo hivyo, mtu anayeona kwa jicho moja tu asijaribu kuokoa fedha katika jambo hili, kwa kuwa hana jicho la akiba.

6. Alama za kusoma kabla ya kulipa

Neno lililoandikwa kwenye boksi si ushahidi. Ushahidi hutafutwa kwenye miwani yenyewe, katika lenzi na katika fremu. Alama mbili ndizo zinazokutwa zaidi.

Z87 ni alama ya kiwango cha Marekani cha kinga ya macho. Ikifuatwa na alama ya kujumlisha, yaani Z87+, maana yake ni kwamba kifaa kimejengwa kuhimili pigo la kasi kubwa. Kwa karakana yenye mashine, tafuta yenye alama ya kujumlisha.

EN 166 ni kiwango cha Ulaya kilichozoeleka kwa miaka mingi, na mrithi wake ni EN ISO 16321. Chini ya EN 166, herufi F humaanisha kuwa miwani imehimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 160 kwa saa. Ikiwa lenzi na fremu zina herufi tofauti, hesabu ile iliyo dhaifu zaidi.

Herufi CE peke yake hazielezi nguvu ya miwani, basi zisikutosheleze.

Baada ya alama, fanya majaribio haya manne papo hapo dukani:

1. Soma futi kwenye umbali ule uliouandika, si kwenye umbali wa gazeti.
2. Itazame miwani kwa mbele na uhakikishe vipande vya kusomea viko kwenye kimo kimoja.
3. Tazama ukingo wa mlango kupitia sehemu ya juu isiyo na namba, huku ukiisogeza miwani polepole. Ukingo ukipindapinda, lenzi ina kasoro na itakuumiza kichwa.
4. Inama, tikisa kichwa, tazama pembeni. Miwani isidondoke, wala isiache uwazi mkubwa kwenye shavu au juu ya nyusi.

7. Mipaka ya miwani

Hakuna miwani inayokinga kila kitu. Diski nyingi za grenda huandikwa kasi ya juu ya mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo wake. Linganisha na zile mita 45 za jaribio la miwani. Kwa hiyo anayetumia grenda avae ngao ya uso *juu ya* miwani ya kinga, si badala yake.

Kwa kazi ya asidi ya betri, chokaa au dawa za kumwaga, miwani ya kawaida ya kinga haitoshi, kwa sababu majimaji hupenya pembeni. Panahitajika miwani inayoziba macho pande zote, na iliyo mipana huweza kuvaliwa juu ya miwani ya kusomea.

Mchomeleaji vyuma asidanganyike na lenzi yoyote angavu, wala miwani ya jua. Uchomeleaji wa umeme huhitaji kioo cheusi maalumu, kwa kawaida cha namba 10 hadi 13. Fundi wa kazi hii aliyepungukiwa uoni wa karibu anaweza kununua lenzi ya kukuzia inayopachikwa ndani ya kofia ya kuchomelea, nyuma ya kile kioo cheusi. Ni kipande kidogo cha gharama ndogo, na humwondolea kishawishi cha kuinua kofia ili aone mshono.

8. Kununua kwa busara

*Anza kwa mwajiri.* Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kinga vinavyofaa. Mfanyakazi asiyeona vipimo kupitia miwani aliyopewa ana haki ya kusema kwamba kifaa hicho hakimfai. Aeleze kwa maandishi umbali wa kazi yake na namba anayohitaji. Ombi lililo wazi hujibiwa kwa urahisi zaidi.

*Hesabu gharama ya mwaka, si bei ya siku.* Tuchukulie kuwa miwani wa shilingi 8,000 huchubuka na kutupwa kila baada ya miezi miwili, na mwingine wa shilingi 24,000 wenye lenzi zisizochubuka upesi hudumu mwaka mzima. Wa kwanza humgharimu mnunuzi shilingi 48,000 kwa mwaka, na wa pili nusu yake. Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ya namna hii ifanywe kwa bei halisi za dukani.

*Nunueni kwa kikundi.* Mafundi kumi wa eneo moja wakipima umbali wao na kuandika namba zao, wanaweza kuagiza pamoja kutoka duka la vifaa vya usalama kazini na kujadiliana bei ya jumla. Kila mmoja aagize namba yake. Kugawana miwani ya namba moja ni kupoteza fedha.

*Dai risiti.* Risiti ya mashine ndiyo ushahidi wako endapo miwani ina kasoro au alama zake ni za kughushi. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, na yale ya ubora hafifu hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Hifadhi miwani yenyewe na kifungashio chake; usivitupe kwa hasira.

9. Kutunza

Vumbi la chuma likifutwa kwa shati hukwaruza lenzi. Isuuze miwani kwanza kwa maji, kisha uioshe kwa sabuni laini na kuikausha kwa kitambaa safi cha pamba. Usiisafishe kwa thina, petroli wala asetoni, kwa kuwa huidhoofisha polikaboneti hata pale inapoonekana nzima. Ihifadhi kwenye mfuko au kopo, mbali na zana. Miwani iliyopata pigo kubwa, iliyopasuka au iliyochubuka mbele ya mboni ibadilishwe.

10. Ajali ikitokea

Usisugue jicho. Vumbi jepesi lisuuzwe kwa maji safi. Ikiwa ni asidi, chokaa au saruji, suuza papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa muda usiopungua dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali. Kitu kilichochoma jicho kisichomolewe. Kifunikwe kwa kopo safi lisilobana, na majeruhi apelekwe hospitali haraka. Usitie maziwa, maji ya majani wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Tena, aliyekuwa akigonga patasi kwa nyundo akahisi kitu kimempiga jichoni aende kupimwa hata kama maumivu ni madogo, kwani kipande chembamba cha chuma huweza kuingia ndani ya jicho na kuacha alama isiyoonekana.

Maswali ya kujipima

1. Umbali kutoka macho yako hadi kazi yako ni sentimita ngapi? Kwa kanuni ya sehemu ya 4, ni namba ipi utakayoanza kuijaribu?
2. Kazi yako iko chini ya macho, mbele yake au juu yake? Ni njia ipi kati ya zile nne inayolingana na jibu lako?
3. Tafuta alama kwenye lenzi na kwenye fremu ya miwani unayoitumia sasa. Je, zinaonekana? Zinasemaje?
4. Katika siku moja ya kazi, ni mara ngapi unavua miwani ya kinga ili uone? Andika idadi hiyo, kisha uihesabu tena mwezi mmoja baada ya kupata miwani inayokufaa.